Motokaa Ichemkapo na Feni Yake Isizunguke

Leo nataka tuzungumze habari za ugonjwa mmoja wa motokaa ambao wenye magari wengi wameuona, na ambao umewatoza wengi fedha bila lazima. Ugonjwa wenyewe ni huu: motokaa yachemka, na feni ya umeme iliyowekwa ili kuipoza haizunguki. Nitaeleza kwanza kazi ya feni hiyo; kisha nitaonyesha namna ya kutafuta sababu ya kulala kwake, hatua kwa hatua, kwa vifaa vichache ambavyo mtu yeyote aweza kuwa navyo.

Labda mwingine atasema, "Mimi sina motokaa, mazungumzo haya yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu yangu. Siku hizi vijiji vingi vina gari moja au mawili yanayopeleka mazao sokoni na wagonjwa hospitali. Gari hilo likifa njiani, si mwenye gari peke yake apataye hasara. Tena mwanafunzi asomaye shuleni habari za joto na habari za umeme hatapata kwa urahisi mfano ulio bora kuliko huu, kwa kuwa mambo yote mawili yamekutana chini ya boneti moja.

Kazi ya maji na kazi ya upepo

Petroli iwakapo ndani ya silinda, joto lake hupita digrii 2,000 za sentigredi kwa muda mfupi sana. Aluminiamu, ambayo ndiyo madini yaliyotumika kutengeneza vichwa vya injini nyingi za sasa, huyeyuka kwa digrii 660 tu. Basi mwaona wenyewe ya kuwa injini isingedumu kama joto lile lisingeondolewa upesi. Katika joto lote litokalo katika petroli, kadiri ya theluthi moja, na mara nyingi pungufu ya hapo, ndiyo igeukayo kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Sehemu nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki sharti ichukuliwe na maji.

Maji hayo huzungushwa na pampu. Hupita kandokando ya silinda, yakachukua joto, kisha yakafika penye mlango mdogo uitwao themostati. Mlango huu hujifungua wenyewe maji yapatapo joto la digrii 82 hivi mpaka 90, kwa kadiri alivyopanga mtengenezaji. Ukifunguka, maji huenda katika rejeta, yaani kile kisanduku kipana kilichoko mbele ya gari, chenye vijibomba vyembamba na mapezi ya bati. Humo maji huacha joto lake, nayo yakarudi katika injini kuchukua jingine.

Lakini maji yaliyo katika rejeta hayapoi yenyewe. Hupozwa na upepo upitao kati ya mapezi. Motokaa iendapo kilometa 80 kwa saa, upepo wa mwendo watosha kabisa. Iwapo imesimama katika msongamano, au yapanda polepole ikiwa imechukua mzigo mzito, upepo huo haupo au hautoshi. Hapo ndipo feni ihitajiwapo. Feni huvuta hewa na kuipitisha katika rejeta, kana kwamba gari lina mwendo.

Kutokana na habari hii twapata dalili ya kwanza, nayo ni dalili kubwa. Motokaa ikiwa baridi katika mwendo na ikapanda joto kila isimamapo, kisha ikapoa tena iendapo, yamkini ugonjwa uko katika feni. Bali ikiwa yapanda joto hata katika mwendo mzuri barabara tambarare, tafuta kwanza kwingine: maji yamepungua, rejeta imeziba, pampu imechoka, au themostati haifunguki. Anayeichunguza dalili hii kabla ya kushika spana amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Zamani, feni ilifungwa mbele ya injini na kuzungushwa na mkanda. Injini ikizunguka, feni nayo yazunguka. Magari mengi makubwa na magari ya mizigo yangali na feni ya namna hii. Lakini katika motokaa nyingi ndogo za siku hizi injini imelazwa kwa upana wa gari, na mbele yake haielekei rejeta tena, hata mkanda hauwezi kuifikia feni kwa urahisi. Kwa hiyo feni ikapewa mota yake ya umeme. Faida yake ni kwamba huzunguka wakati wa haja tu, na petroli haipotei bure. Hasara yake ni kwamba sasa yaweza kulala na injini ikaendelea kuzunguka, wala dereva asijue mpaka aone mshale wa joto umepanda.

Hasara ya kupuuza

Watu wengine, waonapo mshale umepanda, husema, "Si mbali, tutafika." Maneno haya yameua injini nyingi. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Kichwa cha aluminiamu kikifungwa juu ya injini ya chuma na joto likapita kiasi, kichwa hupinda, na gasketi iliyo kati yao huungua. Hapo maji huingia katika silinda au katika mafuta. Utaona moshi mweupe usiokoma, au mapovu katika rejeta, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fyuzi iliyoungua, ambayo bei yake ni ndogo kabisa, imegeuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, mshale ukianza kupanda ungali katika msongamano, zima kiyoyozi, yaani mashine ya kupoza hewa ndani ya gari, kisha ufungue joto la ndani mpaka mwisho na kushusha vioo. Utatoka jasho, lakini joto lile unalolihisi limetoka katika maji ya injini. Mshale ukifika katika alama nyekundu, au mvuke ukionekana, toka barabarani mahali pa salama, uzime injini.

Sasa sikilizeni neno hili kwa makini kuliko yote. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Kifuniko hicho si kama cha sufuria. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 pwani. Na Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,700, huchemka kwa digrii 94 hivi. Lakini kifuniko cha rejeta huyabana maji, mara nyingi kwa msukumo wa kama paundi 13 kwa kila inchi ya mraba, hata yasichemke mpaka yakaribie digrii 120. Ukikifungua, msukumo watoka ghafula, na maji yaliyopita digrii 100 yachemka yote kwa mara moja na kuruka juu. Watu wameunguzwa uso na macho kwa njia hii. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono. Kisha weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, ukizungushe polepole, uache pumzi itoke kwanza, ndipo ukiondoe.

Kadhalika usimimine maji baridi katika injini iliyo moto sana, kwa maana chuma kipozwacho ghafula hupasuka. Na mikono yako iwe mbali na feni, hata injini ikiwa imezimwa. Katika magari kadhaa feni huweza kuanza kuzunguka yenyewe baada ya injini kuzimwa, nayo haitambui kidole. Na kama gari ni la namna ile itumiayo petroli na umeme pamoja, usiguse kabisa nyaya nene za rangi ya machungwa; umeme wake waweza kuua.

Kwanza hakikisha ya kuwa feni imeitwa

Feni ni mtumishi ambaye hafanyi kazi ila aitwe. Basi kabla ya kumlaumu mtumishi, uliza kwanza kama ameitwa.

Jambo la kwanza ni maji. Kipimo cha joto kiamshacho feni sharti kizame katika maji. Maji yakipungua, kipimo hukaa katika hewa au mvuke, nacho hakipimi sawasawa. Injini yaungua na feni haina habari. Kwa hiyo, injini ikiisha kupoa, tazama maji katika rejeta yenyewe wala usitosheke na chupa ya akiba. Kama yamepungua, tafuta mahali yanapovujia: mipira, vibano vyake, pampu, na chini ya rejeta. Kuongeza maji kila siku bila kutafuta tundu si matengenezo.

La pili ni themostati. Ikikwama katika hali ya kufungwa, maji ya moto hubaki katika injini, na rejeta hubaki baridi. Sasa, katika magari mengine kipimo cha feni kimefungwa katika rejeta. Basi mshale waonyesha moto, na kipimo kilichoko katika rejeta chaona baridi, nacho hakiiti feni. Hapa feni haina kosa lo lote. Utajuaje? Washa injini, ungoje ipate joto lake, kisha uikaribie mipira miwili mikubwa ya rejeta kwa hadhari. Ule wa juu ukiwa moto na wa chini ukipata joto baada yake, maji yazunguka. Mshale ukiwa juu na mpira wa rejeta ungali baridi, shuku themostati au pampu.

Haya mawili yakiwa salama, na mshale ukapanda kupita kipeo chake cha kila siku, na feni ingali imelala, ndipo tuseme: mtumishi ameitwa lakini hakuja, au mwito umepotea njiani.

Watu wanne katika njia moja

Njia ya umeme wa feni ina sehemu nne, nazo zafanana na nyumba kubwa. Wa kwanza ni mwenye kuita: ndicho kipimo cha joto, na katika magari mapya pamoja naye kompyuta ya gari. Wa pili ni mjumbe: ni swichi ndogo ya umeme iitwayo rilei, ambayo hupokea mwito mdogo na kufungua njia ya umeme mwingi. Wa tatu ni mlinzi wa mlango: ni fyuzi, ambayo hukubali kuungua yenyewe ili nyaya zisiungue. Wa nne ni mtumishi mwenyewe: mota ya feni. Mmoja wa hawa akianguka, feni hulala. Kazi yetu ni kumjua ni yupi, bila kuwafukuza wote wanne.

Usianze mwanzoni mwa njia; anza katikati, ili ukate njia vipande viwili. Gari likiwa na kiyoyozi, washa injini, kisha washa kiyoyozi, utazame feni kwa dakika moja au mbili. Katika magari mengi kiyoyozi nacho huita feni. Ikizunguka, basi mota ni nzima na nyaya zake nene ni nzima, na ugonjwa uko upande wa mwenye kuita, yaani kipimo cha joto au waya wake. Isipozunguka, yaelekea ugonjwa uko upande wa mjumbe, mlinzi au mtumishi. Lakini angalia: gari lako likiwa na feni mbili, tazama zote mbili, maana huenda moja ni ya kiyoyozi tu.

Sasa fyuzi. Fungua kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Chini ya kifuniko chake aghalabu mna picha ya kuonyesha fyuzi ya feni ni ipi. Mara nyingi ni kubwa kuliko nyingine, ya ampia 30 au 40. Ukiiona imekatika, weka nyingine ya kadiri ile ile. Ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi, wala usifunge kipande cha waya mahali pake. Fyuzi haiungui bila sababu: yamkini mota imekauka na yavuta umeme kupita kiasi, au waya umechubuka na kugusa bati la gari. Ukimwondoa mlinzi, umeme ule ule utaunguza nyaya, na nyaya zitaunguza gari pamoja na waliomo.

Fyuzi ikiwa nzima, tazama rilei. Katika kisanduku kile kile mara nyingi mna rilei nyingine iliyofanana nayo kabisa, labda ya honi. Hakikisha ya kuwa namba zilizoandikwa juu yake na mpango wa miguu yake ni sawa, kisha uzibadilishane. Feni ikizunguka, umempata mwenye kosa, na honi ikinyamaza umepata ushahidi wa pili. Rilei nyingi zina miguu iliyoandikwa namba: 85 na 86 ni ya mwito mdogo, 30 na 87 ni ya umeme mwingi uendao kwa feni. Mwanafunzi akumbuke somo la sumaku: umeme ukipita katika waya uliosokotwa huifanya chuma iliyo ndani kuwa sumaku, nayo yavuta kijiti cha swichi. Mlio ule wa "tik" uusikiao ndio huo.

Baada ya rilei, mota. Chomoa plagi ya waya iliyo karibu na mota, injini ikiwa imezimwa. Zungusha mapanga ya feni kwa mkono: yazunguke mepesi. Yakiwa mazito au yakikwaruza, mota imekufa au yakaribia. Kisha chukua balbu ya taa kubwa ya mbele, ya volti 12 na wati 55, uifunge nyaya mbili, uziguse katika plagi inayotoka upande wa gari, wakati feni ipaswapo kuzunguka. Balbu ikiwaka kwa mwanga mkali, umeme wafika, na kosa ni la mota. Isipowaka, umeme haufiki. Ikiwaka kwa mwanga hafifu, kuna waya au kiungo kilichooza kwa kutu. Mara nyingi ni ule waya uendao katika bati la gari. Kwa nini balbu kubwa na si ndogo? Kwa sababu balbu ndogo huridhika na umeme kidogo, nayo yaweza kuwaka hata kwa waya ulioharibika, ikakudanganya. Lakini balbu hii kubwa ni kwa nyaya nene za feni tu. Usiiguse katika nyaya nyembamba za kompyuta.

Waweza pia kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka katika betri, kwa nyaya mbili nene, na ule wa chanya uwe na fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu, ni nzima. Ikigoma, igonge polepole ubavuni kwa mpini wa mbao. Ikiamka kwa kugongwa, vipande vyake vya makaa viitwavyo brashi vimekwisha. Itakufikisha nyumbani, lakini usiitumaini kesho. Feni nyingine za magari mapya zina nyaya tatu au zaidi na kisanduku cha kuzitawala. Hizo usizijaribu hivi, mpelekee fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta ya gari.

Amebaki mwenye kuita. Katika magari ya zamani kidogo, kipimo ni swichi yenye nyaya mbili ambayo hufunga njia maji yapatapo moto, kama digrii 93 mpaka 100. Chomoa plagi yake na kuziunganisha nyaya hizo mbili kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, swichi ni mbovu. Lakini katika magari kadhaa ya Toyota ya miaka ya 1990 mpango ni kinyume: swichi hufungua njia ipatapo moto, na ukichomoa plagi yake tu, feni yazunguka. Katika magari mapya, kipimo hupeleka habari kwa kompyuta. Ukikichomoa injini ikiwa yazunguka, kompyuta nyingi, kwa kukosa habari, huwasha feni ili kulinda injini. Ikiwa hivyo, njia yote toka kompyuta hata feni ni nzima, na kipimo ndicho cha kushukiwa.

Dawa zisizo dawa

Nchini mwetu kuna matengenezo mawili yaliyozoeleka sana, nami yanipasa kuyasema. La kwanza ni kuondoa themostati na kuitupa, kwa kusema, "Hii ni ya nchi za baridi." Si kweli. Themostati huiwezesha injini kufikia joto lake upesi. Injini ikaayo baridi mno hula petroli nyingi na kulika mapema. Tena katika injini nyingine themostati hufunga njia ya mkato maji yapatapo moto. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka katika injini bila kupita katika rejeta, na gari lachemka kuliko mwanzo. Na kama feni imelala, kuondoa themostati hakuwezi kuiamsha.

La pili ni kuunga feni moja kwa moja, ili izunguke wakati wote ufunguo uwapo wazi. Mafundi wasema wameipiga dairekti. Kwa kufika nyumbani, na kwa waya mnene wenye fyuzi, jambo hili halina ubaya. Kwa kudumu, ni kuficha ugonjwa. Mota hulika upesi, betri huchoka, na siku mota ifapo hapana wa kukuambia. Pia aungaye kwa haraka huweza kugeuza nyaya, feni ikazunguka kinyume na kupigana na upepo wa mbele. Jaribu hivi: katika magari mengi feni iko nyuma ya rejeta, weka karatasi mbele ya rejeta. Ikivutwa na kushikamana, feni yazunguka sawa. Ikisukumwa, nyaya zimegeuzwa.

Nizidishe neno la maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, nayo hula aluminiamu na kuziba vijibomba vya rejeta kwa magamba. Tumia kulanti iliyochanganywa kama alivyoagiza mtengenezaji, mara nyingi nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Kulanti huzuia kutu na pia huongeza joto la kuchemka. Njiani, penye shida, maji safi ya kunywa yatosha mpaka ufike.

Mfano wa kutafuta kwa utaratibu

Tufanye mfano ili mambo yakae pamoja. Tuseme dereva atoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Chalinze, Mlandizi, Kibaha, mshale umetulia katikati. Afikapo Mbezi na Kimara magari yamesongamana, mshale waanza kupanda. Msongamano ukisogea, washuka. Ukisimama, wapanda tena. Dereva mwenye akili amekwisha kujua: upepo wa mwendo wapoza, basi rejeta na pampu si wa kwanza kushukiwa.

Atoka barabarani, azima injini, angoja. Injini ikipoa, aona maji yamejaa. Awasha tena, aona mipira yote miwili yapata joto. Themostati ni nzima. Awasha kiyoyozi, feni haijongei. Azima, atazama fyuzi: nzima. Abadilishana rilei na ya honi: bado. Achomoa plagi ya mota, awasha tena injini na kiyoyozi, aweka balbu kubwa: yawaka kama mchana. Basi umeme wafika mlangoni kwa mtumishi. Azima na kuirudisha plagi, awasha tena, aigonga mota ubavuni kwa mpini wa mbao, mkono ukiwa mbali na mapanga, na feni yaamka. Jibu amelipata: brashi za mota zimekwisha. Aenda zake polepole hata nyumbani, na kesho yake anunua mota moja tu.

Mwenzake asiyejua utaratibu angenunua themostati Jumatatu, rejeta Jumanne, na kipimo Jumatano. Na Alhamisi gari lingechemka pale pale Kimara, labda na mgonjwa ndani yake. Tofauti ya watu hawa wawili si fedha wala vifaa. Mmoja aliuliza swali moja baada ya jingine, na kila jibu likamwondolea sehemu ya njia, mwingine alibahatisha.

Basi, wasikilizaji, nawaachia mambo manne ya kukumbuka. Sikilizeni gari lachemka wakati gani, katika mwendo au katika kusimama. Msifungue kifuniko cha rejeta iliyo moto. Hakikisheni maji yamejaa na yazunguka kabla ya kuilaumu feni. Kisha fuateni njia ya umeme kwa zamu: fyuzi, rilei, mota, na mwenye kuita. Nanyi wanafunzi, siku fundi afunguapo boneti kijijini kwenu, ombeni ruhusa, msimame karibu, mmwulize ni yupi kati ya wale wanne aliyeanguka, na amejuaje.